Mafuta Yaliganda Njombe: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Nywele Zangu na Baridi

Chupa ya mafuta ya nazi niliyotoka nayo Tanga iliganda usiku wa pili baada ya kufika Njombe. Ilikuwa Mei 2014. Niliamka saa kumi na mbili asubuhi, nikaiinamisha juu ya kiganja, hakikutoka kitu. Nikaigonga kitako, bado. Mafuta yalikuwa meupe, yamekaza, yameshika ukuta wa chupa kama mafuta ya nyama kwenye sufuria iliyopoa. Nilikuwa mwalimu mgeni, siku yangu ya kwanza kuripoti shuleni, na sikutaka kuchelewa. Nikachokonoa kwa mpini wa kijiko, nikayasugua viganjani mpaka yakayeyuka, nikajipaka, nikafunga kilemba, nikaondoka.

Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzijoto 24 hivi. Hata Tanga niliwahi kuyaona yakiganda alfajiri za Julai, lakini ikifika saa mbili yameshayeyuka yenyewe. Njombe hayakuyeyuka mpaka Septemba. Mpaka Agosti niliendelea kuyachokonoa na kuyapaka, asubuhi na jioni, na miezi hiyo yote nywele zangu ziliendelea kukatika.

Nieleze kwanza nilikotoka, maana uchungu wangu haukuwa wa urembo peke yake. Kama wasichana wengi waliosoma shule za serikali Tanzania, nilinyolewa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Nywele zangu nilizijua nikiwa mtu mzima, nilipokuwa chuo cha ualimu Korogwe, na nilizifuga kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mali yake. Ni kipilipili hasa, zile zinazojikunja mpaka zinashikana na kutengeneza vifundo. Nilipopanda basi la kwenda kazini zilikuwa zikivutwa zinagusa bega. Mwisho wa Agosti, miezi mitatu tu baadaye, zilikuwa zimebaki urefu wa kidole upande wa kisogoni, na kila nilipochana niliokota vipande kwenye taulo. Vilikuwa vipande vifupi vilivyokatika katikati, havikung'oka na mizizi. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili, lakini wakati huo sikujua kuisoma.

1. Sifa nilizoyapa mafuta zilikuwa za hewa

Bibi yangu alikuwa akitukalisha uani jioni, kichwa katikati ya magoti yake, chanuo la mti mkononi na kibakuli cha mafuta ya nazi pembeni. Mafuta yakipita, nywele zinalegea, zinang'aa, zinakubali kusukwa. Nilikua nikiamini kwamba mafuta ndiyo yanayolainisha nywele, na sikuwa na sababu ya kuamini vingine.

Kumbe kulikuwa na mfanyakazi mwingine asiyeonekana. Unywele hunywa maji. Ukilowa unaweza kubeba maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake, na hata usipolowa huchukua mvuke kutoka hewani. Sasa angalia hewa yenyewe. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 inaweza kubeba mvuke wa maji gramu 30 hivi. Hewa ya nyuzijoto 10 haiwezi kuzidi gramu 9 na kidogo. Pwani, ambako hewa ni ya joto na bahari iko mlangoni, nywele zangu zilikuwa zikinyweshwa usiku na mchana bila mtu kuinua kopo. Mafuta ya bibi yalikuwa yakipakwa juu ya nywele zilizokwisha kunywa.

Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzijoto 10, na miezi hiyo ndiyo miezi ya kiangazi. Sisi watu wa pwani tukisikia baridi tunafikiria mvua. Nyanda za juu kusini, baridi kali na ukavu vinakuja pamoja, mkono kwa mkono, mvua za masika zikishaondoka. Asubuhi nyingine unakuta ukungu mzito juu ya mashamba ya chai, unasema maji si haya hapa. Lakini ule ukungu wa baridi, pamoja na weupe wake wote, una maji machache kuliko hewa angavu ya saa sita mchana pale Tanga. Kisha jua likitoka na upepo ukianza kuvuma, hata hayo machache yanaondoka.

Kwa hiyo nilihamisha mafuta, nikasahau kwamba hewa haihamishiki. Mambo yote niliyojifunza baadaye yanatoka hapa.

2. Mafuta ni kifuniko

Aliyenifungua macho ni mama mwenye nyumba wangu. Jumamosi moja ya Agosti alinikuta uani nimejifunua kichwa, nachana huku machozi yananilenga. Alikaa kwenye kigoda nyuma yangu, akashika fungu la nywele, akalisugua kati ya vidole vyake kama anayepima unga.

"Mwalimu, hizi zimekunywa maji lini?"

Nikamwambia, "Mama, nazipaka mafuta kila siku, mara mbili."

"Sijauliza mafuta," alisema.

Aliingia ndani, akatoka na beseni la maji ya vuguvugu. Alininywesha kichwa taratibu kwa kiganja, fungu kwa fungu, akinyanyua nywele na kuzikamua kama mtu anayelowesha kitambaa kikavu kilichokaa juani. Mwanzoni maji yalitiririka juu yake na kuanguka, hayakuingia. Zilikuwa zimejaa tabaka la mafuta ya nazi, na juu yake mafuta ya mgando niliyoongeza Julai kwa kukata tamaa. Ilibidi aweke shampuu, asuuze, arudie. Mara ya pili nilisikia nywele zikiwa nzito. Uzito ule nilikuwa sijausikia tangu niondoke Tanga.

Maji ndiyo yanayolainisha. Mafuta kazi yake ni kuyazuia yasiondoke upesi, na mafuta ya mgando ni hodari kuliko yote katika kuzuia. Ukiyapaka juu ya nywele zilizolowa, yanafungia maji ndani. Ukiyapaka juu ya nywele kavu, yanayafungia maji nje, na hivyo ndivyo nilivyofanya kwa siku tisini mfululizo.

Sitaki kuyavunjia heshima mafuta ya nazi. Utafiti wa Aarti Rele na R. B. Mohile, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yanayotokana na petroli, na ukaonyesha kwamba ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kupenya ndani ya unywele. Bibi alikuwa sahihi kuyachagua. Lakini kupenya si kunywesha. Mafuta yanaweza kuingia ndani ya unywele na bado yakaukuta na kiu.

Utaratibu ninaoufuata tangu siku ile ni huu. Nagawa nywele mafungu manne au sita. Nalowesha fungu moja kwa maji ya vuguvugu mpaka yanataka kudondoka. Nafuatisha kondishena ya kuacha kichwani, kiasi cha kijiko cha chai kwa fungu, nikiipitisha kwa vidole kutoka kwenye ncha kwenda juu. Mwisho ndiyo mafuta, matone machache tu, viganja ving'ae bila kudondoka. Nasuka fungu hilo msuko mnene au nalisokota, kisha naenda la pili. Msimu wa baridi mafuta ya mwisho yawe mazito zaidi kuliko ya msimu wa mvua. Mimi natumia ya nyonyo niliyoyachanganya na ya alizeti, maana ya nyonyo peke yake hunata, na ya alizeti hayagandi chupani.

3. Ncha ndiyo bibi kizee wa nywele

Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, pengine na zaidi kidogo. Kama zina urefu wa sentimita 24, basi ncha yake ina umri wa miaka miwili. Imepita kwenye sabuni zote, machanuo yote, jua lote. Tena kwenye nywele za kipilipili mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayafiki huko mwisho, kwa sababu hayawezi kuteleza juu ya kona zote zile.

Mimi nilikuwa nikipaka utosini na kwenye ngozi, ncha zikapata mabaki ya viganja. Sasa naanzia mwisho na kuishia juu.

4. Maji yana saa yake

Niliogopa maji. Kila mtu alinionya: ukiosha nywele huku utapata mafua. Mafua huletwa na virusi, wala si maji ya kichwani, lakini onyo lile lina ukweli wake wa namna nyingine. Kichwa kibichi kwenye upepo wa Makambako au Njombe kinauma, na nywele nyingi za kipilipili zinaweza kushinda siku nzima bila kukauka. Ukilala nazo zimelowa, unalala na kitambaa cha maji kichwani usiku wa nyuzijoto 8.

Jibu langu ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Maji nayapasha mpaka yawe ya vuguvugu tu, maana maji ya moto sana huondoa mafuta yote ya asili na kuiacha ngozi ya kichwa ikiwasha. Nikishaosha sikaushi kwa kusugua. Nafunga fulana kuukuu ya pamba kichwani, inyonye maji ya juu, dakika kumi au kumi na tano. Halafu napaka, nasuka mafungu, nakaa juani nikisahihisha madaftari. Ikifika saa tisa nywele zimekauka nusu na zaidi, nami nafunika kabla jua halijashuka.

Katikati ya wiki siogeshi kichwa kizima. Nina chupa ya spreyi, ile ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, yenye maji na kondishena kidogo. Jumanne na Alhamisi jioni nanyunyiza mpaka nywele ziwe na unyevu bila kulowa, napitisha mafuta kidogo kwenye ncha, nafunga. Dakika tano. Dakika tano hizo zimenifaa kuliko kopo lolote la bei kubwa nililowahi kununua Iringa.

5. Sabuni ya mche ni ya nguo

Tulikuzwa nayo. Shuleni kipande kimoja kilifua sare, kikaosha vyombo, kikaosha na kichwa, na kwa kichwa kilichonyolewa hakuna aliyeona hasara. Lakini sabuni ile huwa na pH ya 9 hadi 10, na nywele zinataka uasidi kidogo. Zikikutana na sabuni kali namna hiyo, vigamba vinavyofunika unywele vinanyanyuka na kukwaruzana, na maji yaliyomo yanatoka haraka kama yalivyoingia. Sasa natumia shampuu laini mara moja kwa wiki mbili. Wiki ya katikati naosha kwa kondishena peke yake. Kama huna uwezo wa shampuu kila mara, afadhali maji matupu na kondishena kuliko sabuni ya mche.

6. Jiko linalokupasha linakunyonya

Jioni za Julai tulikuwa tukikaa chumbani na jiko la mkaa. Nilikuwa nikiinama karibu nalo, nikisoma. Joto lile lilikuwa tamu kwa mwili, lakini hewa baridi ikishapashwa moto bila kuongezewa maji inageuka kuwa kavu zaidi, inatafuta maji popote yalipo: kwenye ngozi, midomo na nywele. Nilikuwa nikiamka midomo imepasuka, nywele zinatoa sauti zikiguswa.

Kuna jambo kubwa kuliko nywele hapa, na sitalipita kimya. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa usingizini kwa sababu yake. Usilale na jiko chumbani. Ongeza blanketi, vaa soksi, jikusanyeni jikoni kwenye mlango uliofunguliwa, lakini jiko litoke nje kabla ya kulala. Mimi na mwenzangu niliyekuwa nikikaa naye chumbani tuliamka usiku mmoja vichwa vinagonga na miguu haina nguvu, tukajikokota hadi mlangoni. Tangu usiku ule jiko halijawahi kulala nami.

Mdogo wangu anaishi Minnesota, Marekani, ambako Januari joto linaweza kushuka hadi nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Hewa ya namna hiyo haibebi hata maji ya kujaza kijiko kidogo, gramu 1 hivi kwa mita ya ujazo. Inaingizwa ndani, inapashwa moto na mitambo ya nyumba, inakuwa kavu kama jangwa. Alinipigia akilia kilio kile kile cha kwangu cha 2014: nywele zinakatika, na yeye anapaka mafuta kila siku. Nilimuuliza swali la mama mwenye nyumba. Akanyamaza. Sasa ana mashine ndogo ya kutoa mvuke chumbani anakolala, na chupa ya spreyi kando ya kitanda. Ananiambia hata ngozi ya mikono imetulia.

7. Kofia ya sufu, lakini isiguse

Baridi inadai kofia, na huwezi kubishana nayo. Nilinunua ya sufu sokoni, nzito, yenye joto zuri. Ndani ya wiki tatu nywele za mbele na za kisogoni, pale kofia inapobana, zilikuwa zimelika. Sufu na pamba hunyonya unyevu, na sufu inakwaruza. Kola ya koti na mtandio wa sufu hufanya vivyo hivyo shingoni, na ndiyo maana kisogo changu ndicho kilichoumia kuliko sehemu zote.

Fundi cherehani wa jirani alinishonea bitana ya satini ndani ya kofia kwa bei ya soda mbili. Foronya nayo nikabadili. Ukiweza, tafuta kitambaa cha satini cha kufunga usiku na foronya ya satini pia, maana kitambaa kinaweza kuvuka kichwani saa nane usiku bila wewe kujua. Msimu wa baridi kuna faida nyingine ya kufunika: nywele zilizofunikwa vizuri zinabaki na unyevu wake mpaka siku ya pili, wakati zilizo wazi kwenye upepo zinaupoteza kabla ya kengele ya mapumziko.

8. Glisirini na parachichi, kila kimoja na mahali pake

Glisirini ni rafiki wa zamani wa ngozi ya watu wa Njombe. Duka lolote la dawa linayo, na wengi huichanganya na maji kwa ajili ya mikono na visigino. Nikaona kama inafaa kwa ngozi itafaa kwa nywele. Nikaitia nyingi kwenye spreyi yangu. Mwezi Machi, mvua zikiwa zinanyesha, nywele zilikuwa laini ajabu. Mwezi Julai, dawa ile ile, nywele zikawa zinanata na ngumu kwa wakati mmoja.

Glisirini huvuta maji. Hewa ikiwa na maji, inayavuta na kuyaleta kwenye unywele. Hewa ikiwa kavu haina cha kuvuta, na hayo machache uliyoyanyunyiza hayakai. Siku hizi kuanzia Juni naipunguza hadi matone matatu au manne kwenye chupa ya nusu lita, na sinyunyizi bila kufunika kwa mafuta. Mvua za Novemba zikianza naiongeza tena. Asali, ambayo wengine huitia kwenye kondishena, inafuata sheria hiyo hiyo.

Parachichi sasa. Njombe ni nchi ya parachichi, miti imejaa mabondeni, na msimu ukifika unaweza kupewa ndoo nzima kwa ujirani mwema. Nililiponda nikajipaka kichwa chote nikiamini nalisha nywele. Vipande vilibaki kichwani siku nne, na nywele hazikulainika zaidi ya vile ambavyo kondishena ya kawaida ingezilainisha. Nyama ya tunda haiingii ndani ya unywele. Mafuta yake yaliyokamuliwa ni habari nyingine, ni mazuri, mepesi kuliko ya nyonyo, na sasa yapo watu wanaoyakamua na kuyauza. Tunda lenyewe nalila na chumvi, na nashauri ufanye hivyo.

9. Si kila unga wa kichwani ni ukavu

Mwaka wangu wa pili nilipata unga mweupe, kisha magamba ya njano yenye mafuta, na muwasho uliokuwa ukiniamsha. Nikajua ni baridi. Nikaongeza mafuta kwenye ngozi ya kichwa, muwasho ukazidi, nikaongeza tena. Mganga wa zahanati aliangalia dakika moja akasema ni mba. Fangasi wanaohusika na mba huishi kwenye ngozi ya kila mtu na hula mafuta, kwa hiyo nilikuwa nikiwapikia. Alinipa shampuu ya ketokonazoli, niiache kichwani dakika tano kabla ya kusuuza, mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja. Ikaisha.

Ukavu wa kawaida hutoa unga mdogo, mweupe, mkavu, na hupungua ukinywesha kichwa. Ukiona magamba yenye mafuta, vidonda, au mabaka ya duara yasiyo na nywele, hasa kwa watoto, nenda zahanati. Mabaka hayo yanaweza kuwa mapunye, na mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa mtaalamu. Hakuna mafuta yatakayoyatibu.

10. Uzi unashinda rasta wakati wa baridi

Nilipoona nywele zinakatika mwaka ule wa kwanza, nilikimbilia rasta nikidhani nazificha mpaka baridi ipite. Nilikaa nazo bila kuzigusa kwa maji. Zilipofumuliwa, nywele zilitoka na rasta zenyewe. Rasta hazina kosa. Kosa ni kuzisuka juu ya nywele kavu na kuziacha na kiu chini ya mzigo. Ukisuka, anza na kichwa kilichonyweshwa, mwambie msusi asivute nywele za pembeni, nyunyizia maji ya spreyi kwenye mistari mara mbili kwa wiki, na fumua kabla ya wiki nane. Pembeni pakianza kuuma au kutoa vipele siku ya kwanza, fumua siku hiyo hiyo. Nywele zinazong'olewa na kuvutwa kwa miaka huweza kutorudi.

Lakini mtindo ninaousifu kwa moyo wote ni wa uzi. Ule uzi mweusi wa kusukia, wa bei ndogo, ambao mabinti wengi wa mjini wanauona umepitwa na wakati. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeniwekea. Alilowesha, akapaka, akachukua fungu akalizungushia uzi kutoka kwenye shina hadi ncha, ncha ikajificha ndani. Ndani ya uzi nywele zinanyooka bila draya wala pasi, hazijifungi vifundo, na upepo haugusi hata sentimita moja ya unywele. Juu yake nafunga kilemba, naenda kufundisha. Jumamosi nafungua, naosha, narudia. Kuanzia Juni 2015 nilivaa uzi kila msimu wa baridi, na Desemba 2017 nywele zangu zikagusa tena bega. Sikuwa nimenunua dawa yoyote ya kukuza nywele.

Nilipokwenda likizo Tanga mwaka ule, bibi alinishika kichwa kama zamani, akauliza nimetumia mafuta gani. Nilimweleza habari ya maji, ya hewa, ya chupa iliyoganda. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba mama yake alikuwa akilowesha nywele kwanza kabla ya kupaka, hasa miezi ya upepo wa kusi, na kwamba yeye aliacha kwa sababu aliona zinalainika tu hata bila kulowesha. Kumbe ujuzi huo ulikuwa wa nyumbani kwetu.

Sasa nina ombi kwa mzazi, mlezi na kaka au dada mkubwa. Ukiwa na binti anayepangiwa shule, chuo au kazi Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya, Lushoto, au anayepanda ndege kwenda nchi za theluji, utamnunulia sweta na blanketi. Ongeza chupa ya spreyi, kitambaa cha satini na kibunda cha uzi mweusi. Na mafuta ya nazi mpe, lakini mwambie yapakwe baada ya maji.